Nungunungu na Mtungi wa Matanga

Nungunungu, ambaye hakumwamini mtu, alitengeneza mvinyo wa ndizi kwa mara ya kwanza, ili amalize matanga ya mkewe. Jirani yake Pelele akamwambia, "Acha tundu kwenye kifuniko, jirani. Mvinyo mchanga hupumua."

"Tundu la kupitishia mrija wako," alisema Nungunungu, akakiziba kifuniko kwa udongo.

Siku ya tatu mtungi ukapasuka, mvinyo wote ukamwagika. Wageni walipofika, Pelele alileta mvinyo wake.

Nungunungu akaunusa mara mbili. "Onja wewe kwanza."

Pelele akanywa, kisha akamtazama. "Na marehemu mkeo, alikuwa akikuonjea?"

"Kila siku," alijibu Nungunungu, akainamisha kichwa. "Mungu anisamehe. Hakunitilia sumu hata mara moja."