Gari Lenye Milango Mizito

"Silipandi hilo linalolia kama debe!" alisema Mama Digidigi. "Mlango wenyewe unafungwa kwa kamba. Chui akija, utamzuia kwa kamba?"

"Linalia lakini linakwenda," alijibu mumewe. "Na likiharibika, fundi yeyote wa hapa analiweza. Hilo jeusi ni la wakubwa, mke wangu. Sisi linatuhusu nini?"

"Tuna watoto. Ndivyo linavyotuhusu."

Tangu Chui ahamie bondeni, Mama Digidigi alikuwa halali. Jani likianguka, anawakumbatia wanawe. Ndiyo maana walikuja kwa Mbweha, muuza magari, kuchagua gari la kuwahamisha mbali.

Mbweha alikuwa mpole sana. "Usiogope, shemeji," alisema. "Milango ya hili jeusi ni mizito, na vioo vyake havivunjwi kwa kucha. Mkiwa humu, Chui hawapati ng'o. Ingieni mjaribu viti."

Mama akawatanguliza watoto. Baba alisitasita, kisha akaona haya, akafuata. Milango ikajifunga taratibu, na kelele zote za nje zikakatika.

"Unaona?" mama alinong'ona. Kwa mara ya kwanza tangu Chui aje, alivuta pumzi ndefu.

Baba alitafuta kitasa cha kufungulia, hakukiona. Akapiga kioo kwa kwato, akapiga tena. Kioo hakikutikisika. Watoto wakaanza kulia.

Ndipo Mbweha akasogea mlangoni na ufunguo wake mkononi. Akateremsha kioo kidogo, upenyo wa kutosha pua yake tu, akasema, "Si nilikwambia kweli, shemeji? Humu Chui hawapati."