Rangi ya Mzee Mbaruku

Haya alinisimulia jirani yangu Tabu, juzi tukichambua mchele.

Baba yake, Mzee Mbaruku, macho yalishamwisha, haoni tena, akaja kuishi kwao na baiskeli yake. Hakuipanda tena, aliikokota tu hadi msikitini, kiganja juu ya bomba la fremu. Shomvi, mume wa Tabu, akataka kumfurahisha mkwewe. Mzee alipokwenda kumwona dada yake, Shomvi akaifungua baiskeli, akaikwangua fremu rangi yote ya kijani ambayo mzee aliipaka mwenyewe, imejaa manundu. Akapiga msasa, kisha akasugua kwa majivu na ndimu kama sufuria ya harusi, mpaka alumini ikang'aa.

Mzee aliporudi, Shomvi akamwekea fremu mapajani.

"Shika, baba."

Mzee akaipapasa juu na chini, akarudia. "Laini hii. Ya nani?"

"Yako, baba."

"Yangu ina manundu." Akaisukuma kando. "Umeiuza, mwanangu? Ungeniambia tu."

Tabu akadakia, "Baba, ndiyo hiyo hiyo! Kaisugua!"

"Usimtetee mumeo, Tabu. Mimi hapa mgeni tu."

Shomvi akainamisha kichwa. Mkwe humbishii. Mzee akaenda kulala bila kula.

Shomvi akachukua koroboi hadi jaani, akaokota magamba ya ile rangi, akayajaza kikombeni. Akakiweka karibu na mkono wa mzee aliyelala, akiamka ayapapase manundu yake. Kisha akajinyoosha pale pale sakafuni, vidole vinanuka ndimu, naye usingizi ukamchukua.