Kosa la Uongo

Siku hizi kila nyumba huendeshwa kwa msimbo wa kompyuta, kuanzia mlango hadi jiko, na wa kwao huuandika Mwanasiti. Asubuhi hiyo kihariri, programu anayoandikia msimbo huo, kikalipigia jina la mama yake mstari mwekundu: “Mtu huyu hayupo.” Na mama mwenyewe yuko jikoni, anakuna nazi. Mwanasiti akamsomea.

“Kosa la uongo hilo, mwanangu. Kizime ukiwashe, kama wafanyavyo wenzio.”

Akakizima, akakiwasha. Mstari ukatoka kwa mama, ukakaa chini ya jina la Mwanasiti.

“Mama, sasa kinanikana mimi,” akasema huku akicheka.

Sauti ya mbuzi ya nazi ikakatika. Mama akaja mlangoni akijifuta mikono, akamtazama kwa adabu.

“Karibu, binti,” akasema. “Lakini mbona umeingia bila hodi?”