Siku ya Kumwandikisha Goreth

Romana alikuta mbuzi wamelala darasa la tatu. Akamshika bintiye Goreth mkono, wakapita mpaka barazani. Mzee mmoja miguu peku, kaptura kaifunga kwa kamba, alikuwa anafunga majani mabichi ya tumbaku kwenye fito.

"Shikamoo, mzee. Tumetoka Magamba alfajiri. Namtafuta mwalimu mkuu, nimwandikishe mtoto."

"Marahaba. Rudini tu."

Romana akafungua pindo la kanga, akatoa cheti cha ubatizo. Enzi zake, bila karatasi ile mapadre hawakukupa hata pa kukaa.

Mzee akachekea puani. "Hicho kafunikie sufuria. Siku hizi hata mbuzi wanapokelewa."

"Mimi nilisoma hapahapa, mpaka la nne."

"Ulisoma ya mapadre, mama. Walibagua wale, na fimbo walitandika, ila mtu alitoka anajua kusoma. Mwaka sabini Serikali ikaichukua. Sasa hivi ni sabini na saba, vitabu vyote vimeishia sokoni kufungia karanga. Kinandani wanataga kuku."

"Watoto wenyewe wako wapi?"

"Shambani kwa mwalimu mkuu, wanachuma tumbaku. Wanaita elimu ya kujitegemea. Anayejitegemea ni yeye."

"Mlevi?"

"Angekuwa mlevi ningemsamehe. Huyu ni mvivu tu. Mapadre walimtoa kijijini na chawa zake, wakamvisha, wakamsomesha mpaka ualimu. Wakamwachia shule ina madirisha ya vioo. Hebu angalia hayo madirisha."

Goreth akaangalia. Kulikuwa na matundu.

"Mtu wa hovyo," alisema Romana.

"Hovyo kabisa. Mrudishe mtoto akalime kwenu, angalau atakula."

Romana akaketi chini, akamvutia Goreth mapajani.

"Wanne wa kwanza nimewalea na jembe, hakuna anayejua kuandika jina lake. Huyu ndiye wa mwisho. Sirudi naye. Nitamngoja huyo mkuu wenu, nimwambie machoni: mtoto nimemleta asome, na siku nikimkuta kwenye tumbaku yako, tutaenda wote kwa Bwana Elimu wa wilaya."

Mzee akaweka fito chini. "Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo."

"Basi mimi nitamwambia. Anakuja saa ngapi?"

Mzee akajipangusa utomvu kwenye kaptura, akaingia ofisini, akakaa nyuma ya meza, akafungua daftari la uandikishaji.

"Jina la mtoto?"