Namba ya Bosi

Kompyuta iliandika tena: Inasubiri idhini ya meneja.

"Isubiri mpaka lini?" Mzee Faili, mtunza ghala la dawa, aliifokea kana kwamba ina masikio.

Dereva wa hospitali alisimama mlangoni, gari linanguruma nje. Alitumwa dawa ya sumu ya nyoka. "Mzee wangu, fanya hima. Mgonjwa kaokotwa na wapita njia, hajitambui, hata jina lake hatulijui."

"Kwani mwanangu unadhani nacheza hapa?"

Zamani, yaani mwezi uliopita tu, angeandika daftarini, atie sahihi, afungue kufuli, kwisha habari. Sasa madaftari yamechomwa na funguo zimekusanywa. Mlango wa chuma wa chumba cha baridi unafunguliwa na kompyuta, na kompyuta haifungui mpaka bosi aingize namba ya siri kwenye simu yake. Namba yenyewe iko kichwani mwake peke yake. Siku ya mafunzo Mzee Faili alimuuliza, "Na usipopatikana je?"

Bosi akacheka. "Mimi na simu yangu ni chanda na pete. Acha ukale, mzee." Ukumbi mzima ukacheka naye. Lilimuuma, na bado linamuuma.

Akampigia bosi. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Kaenda kukagua kiwanja cha ghala jipya," alisema katibu muhtasi wa bosi alipoulizwa ofisini. "Labda yuko na wauzaji."

Fundi wa kompyuta naye akainua mikono, ruhusa hana. Mzee Faili akashika nondo, akaupiga ule mlango hadi viganja vikachubuka. Haukutikisika. Machozi ya hasira yakamtoka. Mtu anakata roho, dawa ipo nyuma ya bati, na mkubwa kakaa zake kivulini anapiga soga.

"Jaribu tena, mzee wangu," dereva alisihi.

Safari hii ikapokewa. Mzee Faili hakungoja hata salamu. "Bosi, una roho gani wewe? Tangu saa ile nakupigia. Kuna mtu anakufa, dawa imefungiwa hapa ghalani, tunangoja namba yako tu."

"Mimi ni nesi," ilijibu sauti ya mwanamke. "Simu hii nimeitoa kwenye suruali ya mgonjwa aliyeumwa na nyoka. Na nyie, dawa yake mbona haifiki?"