Hatua ya Saba

Pale kiwandani walimwita Bi Zawena "mpiga chapa", ingawa kazi yake ilikuwa kuandika vitabu vya maelekezo ya majokofu makubwa. Asubuhi ile Mhandisi Lukindo alimrudishia rasimu iliyojaa wino mwekundu.

"Hatua ya saba nimeifuta," alisema. "Eti jinsi ya kutoka ndani! Nani asiyejua? Wewe pendezesha herufi tu, mama."

Mchana Lukindo aliingia kukagua taa kwenye jokofu jipya lenye ukubwa wa chumba, lililokuwa limewashwa kwa majaribio. Mlango ukajifunga nyuma yake, na mpini wa nje ulikuwa bado haujawekwa. Mafundi walisukuma, wakagonga, wakalaumiana. Ndani, mhandisi alihangaika na kitasa alichokibuni mwenyewe, wapi!

Ndipo mtu akamkimbilia mpiga chapa.

Bi Zawena alikuja taratibu na rasimu yake, akavuta kiti hadi mlangoni, akaketi.

"Bi Zawena!" sauti ilitoka ndani ikitetemeka. "Ile hatua ya saba ilisemaje?"

"Umeifuta, mhandisi. Wino wako mzito kweli."

"Mwandishi wetu, nakuomba!"

Tangu aajiriwe alikuwa hajawahi kuitwa mwandishi. Alifuta miwani kwa ncha ya khanga, akainua karatasi kuelekea dirishani.

"Basi nisikilize vizuri," alisema. "Hatua ya kwanza: kabla ya kuwasha jokofu, soma kitabu hiki chote."

Nyuma ya mlango, meno yalikuwa yakigongana.