Mbao za Mikalitusi

Siku ile mjinga alikuwa Maliro, na mwenyewe hakatai.

Mjane wa kaka yake alikuwa anahama Butembo kwenda Beni na moto, yaani pikipiki, ya magurudumu manne ya marehemu. Maliro aliegemeza mbao kwenye pikapu ili kuipandishia. "Funga kwanza mbao na kamba," mjane alimwambia.

Maliro akacheka. "Shemeji, hii ni moto, hapana mbuzi." Akaanza kuipandisha kwenye pikapu kwa kasi.

Mbao mbichi za mikalitusi zikateleza. Moto ikaanguka ubavu juu ya mawe. Jina la binti yao, ambalo marehemu alilipaka ubavuni kwa rangi nyeupe, likafutika. Ikabaki herufi A moja iliyopinda.

Maliro akaipangusa kwa shati lake. "Usilie, shemeji. Rangi iko. Nitaandika ingine, hata muzuri kupita ile."

"Rangi iko, ndiyo. Lakini mukono ya ndugu yako, utaitoa wapi?"